PROGRAMU HURIA NA MUUNDO WA NYARAKA: MAELEZO KWA AFISI NA TAASISI

Makala haya yametayarishwa kwa ajili ya wakuu wa idara, wahasibu, makatibu muhtasi, watunza masjala, walimu wakuu wa skuli, viongozi wa vyama vya ushirika na kila mwenye dhamana ya kuandika na kuhifadhi kumbukumbu kwa kompyuta. Madhumuni yake si kutoa amri wala kupigia debe bidhaa yoyote. Madhumuni ni kueleza jambo ambalo taasisi nyingi duniani zimelazimika kulipima: je, ziendelee na programu zilizozoeleka za makampuni makubwa, au zihamie katika programu huria? Na kabla ya hilo, nyaraka zao zihifadhiwe katika muundo gani?

1. KWA NINI SUALA HILI LINATUHUSU

Waliotutangulia walitunza kumbukumbu kwa wino na karatasi. Katika jengo la Nyaraka lililoko Kilimani, Unguja, zimehifadhiwa barua na hati za karne ya 19, nyingine za Kiarabu, nyingine za Kiingereza na nyingine za Kijerumani. Mwenye kuijua lugha anaweza kuzisoma kwa macho yake, bila ya kuomba ruhusa ya kiwanda kilichotengeneza kalamu iliyoziandika.

Waraka wa kompyuta hauko hivyo. Waraka huo ni mfululizo wa tarakimu ambazo hazina maana mpaka ipatikane programu inayozielewa. Programu ikitoweka, au mwenye nayo akikataa kuendelea kuihudumia, waraka hubaki lakini msomaji hakuna.

Waingereza walilipata fundisho hili waziwazi. Mwaka 1086 ardhi na mali za nchi yao ziliorodheshwa kwa amri ya Mfalme William, na kitabu cha orodha hiyo kingali kinasomeka. Mwaka 1986, katika kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, Shirika la Utangazaji la BBC na washirika wake walitayarisha orodha mpya ya maisha ya nchi, wakaiweka katika santuri za leza zilizosomwa kwa kompyuta maalumu. Haikutimia miaka 20 kabla ya mashine hizo kuwa adimu, na ilibidi watafiti watengeneze programu ya kuiga kompyuta ile ya zamani ili kazi yote isipotee.

Tutazame mfano wa karibu zaidi. Mtumishi aliyeajiriwa mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 22 atatimiza miaka 60 mwaka 2033. Barua yake ya ajira, kupandishwa kwake daraja na michango yake lazima visomeke kwa muda wa miaka 38, na baada ya hapo kwa ajili ya warithi wake. Hali ni hiyo hiyo kwa hati za viwanja, vizazi na vifo, na kumbukumbu za mirathi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe linaweza kuwepo, lakini likashindwa kufunguka.

2. MAANA YA MANENO YANAYOTUMIKA

Programu miliki ni ile ambayo mtengenezaji huuza haki ya kuitumia tu. Mnunuzi hapewi msimbo, yaani maandishi ya wataalamu yanayoeleza jinsi programu inavyofanya kazi, na haruhusiwi kuibadilisha wala kumnakilia jirani. Microsoft Windows na Microsoft Office ni mifano inayojulikana na wengi.

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake, kuurekebisha, na kumpa mwingine nakala. Fikra hii ilipewa nguvu na Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo endeshi kinachoitwa Linux. Kwa upande wa kazi za afisi, kampuni ya Sun Microsystems ilitoa msimbo wa programu yake mwaka 2000, nayo ikaitwa OpenOffice.org. Mwaka 2010, baada ya Sun kununuliwa na Oracle, watengenezaji wengi walijitenga na kuanzisha LibreOffice, ambayo inaendelezwa hadi leo.

Kisa hicho cha mwaka 2010 chenyewe kina funzo. Kampuni yenye programu miliki inaponunuliwa au kufilisika, mteja hana la kufanya ila kusubiri uamuzi wa wenye mali. Lakini kwa kuwa msimbo wa OpenOffice.org ulikuwa huria, wataalamu waliuchukua, wakaendelea na kazi, na watumiaji hawakuachwa njiani.

Ifahamike kwamba huria si sawa na bure. Ni kweli kwamba LibreOffice hailipiwi ada ya leseni. Lakini yapo mambo mengine yanayolipiwa, kama itakavyoelezwa hapa chini.

3. MUUNDO WA FAILI NDIO MZIZI WA JAMBO

Watu wengi wakisikia habari hizi hufikiria programu tu. Kwa hakika suala zito zaidi ni muundo wa faili, yaani kanuni za namna waraka unavyopangwa ndani ya kompyuta. Programu ni kama kabati la masjala, na muundo wa faili ni kama lugha iliyoandikiwa jalada. Kabati linaweza kubadilishwa wakati wowote, lakini majalada yakiwa yameandikwa kwa lugha inayojulikana na fundi wa kabati peke yake, taasisi haiwezi kubadilisha fundi.

Kwa miaka mingi nyaraka nyingi za afisi ziliwekwa katika muundo wa .doc wa Microsoft, ambao kanuni zake hazikuwa wazi kwa umma. Kampuni hiyo ilizichapisha kwa wote mwaka 2008. Kabla ya hapo, wengine waliotaka kuufungua muundo huo walilazimika kubahatisha kwa kuchunguza. Mwaka 2007 marekebisho ya Office 2003 yalizuia, kwa sababu za usalama, kufunguliwa kwa baadhi ya miundo ya zamani. Mtumiaji wa kawaida aliliona faili lake mwenyewe likikataa kufunguka, ingawa njia ya kuondoa kizuizi ilikuwepo kwa aliyeijua.

Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, liliidhinisha muundo wa wazi wa ODF kwa namba 26300. Mafaili yake ya maandishi huishia na .odt, ya majedwali ya hesabu .ods, na ya maonyesho .odp. Microsoft ilileta muundo wake mpya, unaojulikana kwa .docx na .xlsx, na baada ya mabishano makubwa muundo huo nao uliidhinishwa mwaka 2008 kwa namba 29500. Kwa hiyo viwango viwili viko sokoni. Tofauti ni kwamba ODF ilibuniwa tangu mwanzo itumiwe na watengenezaji mbalimbali, na cha pili kilijengwa juu ya historia ndefu ya bidhaa za kampuni moja.

Kwa nyaraka zilizokamilika ambazo hazitarajiwi kubadilishwa, upo muundo wa PDF/A, uliopitishwa na ISO mwaka 2005 mahususi kwa ajili ya uhifadhi wa muda mrefu. Muundo huu hubeba ndani yake fonti na kila kinachohitajika ili waraka uonekane vile vile baada ya miaka mingi.

4. UZOEFU WA WENGINE

(a) Massachusetts, Marekani. Mnamo Septemba 2005 jimbo hili liliamua kwamba kuanzia mwaka 2007 nyaraka za serikali yake ziwe katika ODF au PDF. Hoja ilikuwa kwamba kumbukumbu za umma ni mali ya umma, na raia hapaswi kulazimishwa kununua bidhaa ya kampuni fulani ili asome waraka wa serikali yake. Upinzani ulikuwa mkubwa, na si wote uliotoka kwa wafanyabiashara. Watumishi wasioona walieleza kwamba programu zinazowasomea maandishi kwa sauti zilikuwa zikifanya kazi vizuri zaidi na Microsoft Office kuliko na programu mbadala za wakati ule. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Mwaka 2007 jimbo liliukubali pia muundo wa Microsoft. Funzo ni kuwa watu wenye ulemavu waulizwe kabla ya uamuzi kupita.

(b) Mji wa Munich, Ujerumani. Hiki ndicho kisa kinachotajwa zaidi, na kila upande hukitumia kwa hoja yake. Mwaka 2003 halmashauri ya mji ilikuwa na kompyuta zipatazo 14,000 zilizotumia Windows NT, ambayo huduma yake ilikuwa inakaribia kusitishwa. Mkuu wa Microsoft wa wakati huo, Steve Ballmer, alikwenda mwenyewe kuonana na Meya Christian Ude. Hata hivyo halmashauri iliamua kuhamia Linux na OpenOffice.org, na mradi ukapewa jina la LiMux.

Kazi ya kuhamisha ilianza mwaka 2006 na kutangazwa kukamilika mwaka 2013. Kilichochelewesha zaidi hakikuwa Linux yenyewe. Kila idara ilikuwa na wataalamu wake, na vilikuwepo maelfu ya violezo vya barua na fomu vilivyotengenezwa kwa miaka mingi bila ya mpango mmoja. Kabla ya kuhama, mji ulilazimika kwanza kujua ulicho nacho. Wataalamu wake walitengeneza programu ya kusimamia violezo, wakaiita WollMux, nayo wakaitoa iwe huria. Mji ulieleza kuwa uliokoa zaidi ya euro milioni 10 kwa kulinganisha na gharama za kubaki na Microsoft.

Baadaye uongozi ulibadilika. Watumishi walilalamikia hitilafu za kompyuta na ugumu wa kubadilishana mafaili na afisi za nje, na mwaka 2017 baraza lilipiga kura ya kurejea Windows, kwa gharama ya makumi ya milioni za euro. Wachunguzi walieleza kwamba sehemu kubwa ya matatizo ilitokana na mpangilio wa idara za kompyuta kuliko na programu zenyewe. Mwaka 2020 vyama vilivyounda uongozi mpya wa mji vilikubaliana tena kuipa nafasi programu huria kila inapowezekana. Basi mji mmoja, katika miaka 17, umekwenda, umerudi, na umegeuka tena. Kila safari ina nauli yake.

(c) Polisi wa Gendarmerie, Ufaransa. Hawa walikwenda kwa hatua. Mwaka 2005 walianza kwa kubadilisha programu ya afisi tu, wakaiacha Windows mahali pake. Kisha wakabadilisha programu za intaneti na za barua pepe. Mwaka 2008, watumishi walipokwisha kuzizoea, ndipo walipoanza kubadilisha mfumo endeshi wenyewe kwa kutumia Linux ya Ubuntu, katika makumi ya maelfu ya kompyuta. Mtumishi aliyeketi mbele ya mfumo mpya alikuta programu zile zile alizokwisha kuzijua. Mpango huu umedumu.

(d) Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani. Mwezi Aprili 2024 serikali ya jimbo ilitangaza kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 kutoka Microsoft Office kwenda LibreOffice, na baadaye kutoka Windows kwenda Linux. Sababu kuu iliyotolewa haikuwa bei. Ilikuwa mamlaka ya serikali juu ya kumbukumbu za wananchi wake, katika zama ambazo programu nyingi hukodishwa kwa mwezi na nyaraka hukaa katika seva za kampuni iliyoko nchi nyingine.

5. MIFANO YA KWETU

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukihusisha Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa huria, na hapakuwa na haja ya kusubiri kampuni ya nje ione faida katika lugha yetu. Aidha, ilionyesha kwamba tafsiri inahitaji matunzo. Programu hubadilika kila mwaka, na maneno yasipofuatia, Kiswahili hubaki nyuma.

Katika sekta ya afya, mfumo wa DHIS2 unaokusanya takwimu za vituo vya afya ni programu huria. Mizizi yake iko Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na ukaendelezwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway. Leo unatumiwa na wizara za afya katika nchi nyingi, zikiwemo Tanzania Bara na Zanzibar. Kwa hiyo afisa wa takwimu anayesema hajapata kutumia programu huria huenda anaitumia kila mwezi bila ya kujua jina lake.

6. GHARAMA ZINAVYOPASWA KUHESABIWA

Kosa la kwanza ni kulinganisha bei ya leseni na sifuri. Hesabu sahihi ya programu huria ina mafunzo ya watumishi, kubadilisha violezo na majedwali yenye makro, malipo ya fundi, na kazi kupungua kasi katika miezi ya mwanzo.

Kosa la pili ni kuhesabu programu miliki kwa bei ya ununuzi tu. Ziingizwe pia ada za kila mwaka zinazolipwa kwa fedha za kigeni, na kompyuta zinazotupwa kwa sababu toleo jipya halizikubali. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri hazikutimiza masharti ya Windows 11. Nyingi ya kompyuta hizo zinaweza kuendelea kutumika kwa Linux. Kwa skuli yenye chumba kimoja cha kompyuta, hilo si jambo dogo.

Kosa la tatu, ambalo halisemwi kwa sauti, ni kutumia nakala zisizo na leseni na kuziita za bure. Nakala hizo ni kinyume cha sheria, huweza kukosa marekebisho ya usalama, na nyingi huja na virusi. Taasisi inayozitumia haijachagua programu huria wala programu miliki. Imechagua hatari.

7. MAMBO YA KUZINGATIA KABLA YA KUAMUA

Taasisi inayotaka kulipima suala hili inashauriwa kufuata mpangilio huu:

(i) Iorodheshe kompyuta, programu, violezo na mafaili yote iliyo nayo. Munich ilianza kazi hii baada ya kuamua, na ikaigharimu.

(ii) Iamue muundo wa faili kwanza na programu baadaye. Hata afisi inayobaki na Microsoft Office inaweza kuhifadhi nyaraka zilizokamilika katika PDF/A, na zinazoendelea katika ODF, kwani matoleo ya sasa ya Office huufungua na kuuhifadhi muundo huo.

(iii) Iyakague mafaili ya zamani sasa hivi, kabla ya mashine na watu wanaozijua programu hizo hawajaondoka. LibreOffice hufungua miundo mingi ya zamani ambayo programu zake za asili zimekwisha sokoni. Faili likifunguka, linganisha na nakala ya karatasi, kisha lihifadhiwe katika muundo wa wazi bila ya kulifuta la asili.

(iv) Ijaribu katika kitengo kimoja kwa muda uliopangwa. Kitengo hicho kiwe cha kazi za kweli zenye barua, majedwali na ripoti, na wasichaguliwe wapenzi wa kompyuta peke yao.

(v) Itazame kwa makini majedwali ya wahasibu. Barua ya kawaida huhama kwa urahisi, lakini jedwali lenye makro za Excel laweza kukataa kufanya kazi. Ikiwa mashine mbili za uhasibu zinahitaji kubaki zilivyo, zibaki, na wengine waendelee.

(vi) Iweke fonti zinazolingana. Mpangilio wa ukurasa huvurugika mara nyingi kwa sababu fonti haipo. Fonti huria za Carlito na Caladea zina vipimo sawa na Calibri na Cambria, na za Liberation hulingana na Arial na Times New Roman.

(vii) Iwasikilize watumishi, hasa wenye ulemavu, na iwafundishe kabla ya kubadilisha. Mtumishi aliyekuta mabadiliko asubuhi bila ya kuambiwa atailaumu programu kwa kila kitu, hata printa ikiishiwa wino.

(viii) Ihakikishe yupo fundi wa karibu anayeiweza kazi hiyo, na mwingine wa kushika nafasi yake akihama.

(ix) Katika mkataba wowote wa kununua mfumo, kiwepo kifungu kinachosema kwamba kumbukumbu ni mali ya taasisi, na kwamba mkataba ukimalizika zitakabidhiwa zote katika muundo wa wazi. Kifungu hiki hakina gharama kabla ya kutia saini. Baada ya kutia saini, hakipatikani kwa bei rahisi.

8. HITIMISHO

Ndugu Msomaji, si kila taasisi itafikia uamuzi mmoja. Ipo itakayohamia programu huria moja kwa moja, ipo itakayochanganya, na ipo itakayoona kwamba kwa sasa ibaki ilipo. Lililo muhimu ni kwamba kubaki kuwe uamuzi uliopimwa, na si mazoea. Wahenga wamesema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Afisi inayoweza kuondoka kwa muuzaji wake bila ya kupoteza jalada hata moja ina nguvu ya kujadiliana naye, hata kama haitaondoka kamwe.

Mzee atakapofika dirishani mwaka 2033 kuulizia kiinua mgongo chake, hatauliza barua yake iliandikwa kwa programu gani. Atauliza iko wapi. Jibu la suali hilo linatayarishwa leo, na kila aliyekabidhiwa kompyuta ya umma ana sehemu yake katika kulitayarisha.